Libbie Hyman, mwanamke aliyenyoosha majina ya minyoo bapa

Katika msimu wa vuli wa mwaka 1906, katika mji mdogo wa Fort Dodge, jimboni Iowa nchini Marekani, mwalimu wa shule ya sekondari alikutana njiani na mwanafunzi wake wa zamani. Binti huyo alikuwa akirudi nyumbani kutoka kiwandani, ambako kazi yake ilikuwa kubandika lebo kwenye maboksi ya nafaka ya kifungua kinywa. Mwaka uliotangulia alikuwa amehitimu akiwa wa kwanza katika darasa lake, na mdogo kuliko wote kwa umri. Mwalimu, Mary Crawford, aliyefundisha Kiingereza na Kijerumani, alishtuka kumwona katika hali hiyo. Akamfanyia mpango wa kupata ufadhili wa masomo katika Chuo Kikuu cha Chicago, jambo ambalo binti mwenyewe hakuwa hata amelifikiria.

Binti huyo alikuwa Libbie Henrietta Hyman. Alipofariki mjini New York mwaka 1969 alikuwa ameandika juzuu sita nene kuhusu wanyama wasio na uti wa mgongo, na kila ubishi ulipozuka kuhusu kiumbe gani ni wa jamii gani, wataalamu wa nchi nyingi walianza kwa kufungua vitabu vyake. Miongoni mwa viumbe wote hao, waliomshughulisha kwa muda mrefu zaidi ni minyoo bapa wanaoishi huru, wanyama laini ambao watu wengi hupita juu yao kando ya kijito bila kujua kwamba wapo.

Minyoo bapa si wageni kabisa kwa msikilizaji wa Afrika Mashariki. Tegu ni mmoja wao, na kadhalika mnyoo anayeleta kichocho, ugonjwa unaowasumbua watu wa kandokando ya Ziwa Victoria na wa visiwa vya Zanzibar. Hao ni vimelea. Lakini maelfu ya spishi nyingine za kundi hilo hilo hazimtegemei mtu wala mnyama kwa makazi. Zinaishi chini ya mawe mitoni, katika majani yanayooza msituni na kwenye matumbawe baharini. Mwili wa mnyoo huyo ni mwembamba kama kipande cha karatasi kilicholowa. Mdomo wake mara nyingi uko katikati ya tumbo, na mabaki ya chakula hutokea mlango ule ule yalikoingilia, kwani hana mwingine. Hana moyo wala mapafu. Hewa hupenya ngozini. Anayejulikana zaidi ni planaria wa maji baridi, mwenye macho mawili yanayoonekana kama yana makengeza. Ukimkata planaria vipande viwili, kipande cha mbele huota mkia na cha nyuma huota kichwa, na baada ya siku kadhaa unakuwa na minyoo wawili.

Ni uwezo huo wa kuota upya uliowavuta wanasayansi kwa mnyama huyu, na ndio pia uliomfikisha Hyman katika kazi ya kuainisha na kutoa majina.

Binti wa mwenye duka

Alizaliwa tarehe 6 Desemba 1888 mjini Des Moines. Wazazi wake walikuwa Wayahudi wahamiaji: baba yake, Joseph, alitoka katika sehemu ya Poland iliyokuwa chini ya utawala wa Urusi, na mama yake, Sabina, alitoka Ujerumani. Baba aliendesha duka la nguo ambalo halikustawi, na familia ilihama pamoja na biashara hiyo kabla ya kutua Fort Dodge. Libbie alikuwa binti pekee kati ya watoto wanne, na kama ilivyo katika nyumba nyingi, kazi za jikoni na za usafi zilimwangukia yeye. Furaha yake aliipata nje ya mji, kwenye maua ya mwituni, vipepeo na nondo. Nyumbani kulikuwa na kitabu cha mimea cha kaka yake. Kwa kukisoma peke yake alijifunza kulihesabu ua petali zake, kulitazama majani yake, na kufuata maelezo hatua kwa hatua mpaka kulifikia jina lake la kisayansi.

Chicago haikumpokea kwa mikono miwili. Alitaka kusoma mimea, lakini katika idara hiyo alionewa na msaidizi mmoja wa maabara kwa sababu ya Uyahudi wake, akaondoka. Alijaribu kemia, hakupendezwa nayo. Hatimaye alitulia kwenye elimu ya wanyama, akapata shahada ya kwanza mwaka 1910 na ya uzamivu mwaka 1915, chini ya Profesa Charles Manning Child. Baba yake alikuwa amefariki mwaka 1907, na mama pamoja na ndugu zake wa kiume walikuwa wamehamia Chicago. Libbie aliishi nao na kuwatumikia, ingawa hawakuona maana ya kazi yake. Hali hiyo iliendelea kwa zaidi ya miaka 20.

Baada ya kuhitimu alibaki katika maabara ya Child kama msaidizi wa utafiti. Profesa huyo alikuwa akitafuta jibu la swali kubwa: ni nini kinachoamua kwamba upande huu wa mnyama uwe kichwa na ule uwe mkia? Aliamini kwamba shughuli za uhai mwilini huwa kali zaidi kichwani na kupungua kidogo kidogo kuelekea nyuma. Kuthibitisha hayo kulihitaji maelfu ya planaria, na Hyman alitumia miaka mingi akipima mambo kama kiasi cha oksijeni wanachotumia.

Wakati huo huo alikuwa akifundisha wanafunzi katika vyumba vya mazoezi, na kutokana na kazi hiyo aliandika miongozo miwili ya maabara. Wa kwanza, wa mwaka 1919, ulihusu misingi ya elimu ya wanyama. Wa pili, wa mwaka 1922, ulilinganisha maumbile ya wanyama wenye uti wa mgongo. Miongozo hiyo ilinunuliwa na vyuo vingi mno. Yeye mwenyewe hakuwa na mapenzi makubwa na wanyama wenye mifupa, lakini ndio waliomlisha maisha yake yote yaliyobaki, huku akiwashughulikia wale wasio na mfupa hata mmoja.

Kosa lililojificha katika jina

Katika maabara hiyo ndimo Hyman alimogundua jambo lililombadilishia mwelekeo. Wanyama waliokuwa wakitumiwa kila siku katika majaribio, planaria na pia haidra, mara nyingi walitajwa kwa majina yasiyo yao. Mtafiti alikwenda mtoni, akaokota minyoo waliopatikana, akawapa jina alilolisikia kwa mwalimu wake au alilolisoma katika kitabu cha Ulaya, kisha akachapisha matokeo.

Mtu asiye wa fani hiyo anaweza kuuliza kuna madhara gani. Madhara ni makubwa. Minyoo bapa wawili wanaofanana kwa macho wanaweza kutofautiana kabisa kwa tabia. Kuna planaria anayeweza kuota kichwa kutokana na kipande chochote cha mwili wake, na kuna mwingine ambaye kipande chake cha nyuma hubaki bila kichwa mpaka kife. Mtafiti wa mji mmoja akiandika kwamba mnyoo fulani ameota kichwa, na wa mji mwingine akaandika kwamba mnyoo huyo huyo hakuota, watabishana miaka mingi kuhusu sheria za maumbile, kumbe kila mmoja alikuwa na mnyama tofauti kwenye sahani yake. Jina likiwa na kosa, hakuna mtu mwingine anayeweza kulirudia jaribio hilo, na jaribio lisiloweza kurudiwa halina thamani.

Mfano mmoja ni mnyoo mweupe wa mito ya Marekani, ambaye kwa muda mrefu aliitwa kwa jina la mwenzake wa Ulaya, Dendrocoelum lacteum. Hao ni wanyama wawili tofauti. Yule wa Marekani ni Procotyla, na mwaka 1928 Hyman alichapisha uchunguzi wa maumbile yake na ya jamaa zake. Huo ulikuwa mwanzo wa mfululizo wa makala kuhusu planaria wa Amerika Kaskazini ambao aliuendeleza kwa miaka mingi.

Kazi yenyewe haikuwa ya kutazama rangi na umbo tu. Rangi ya mnyoo bapa hubadilika kwa chakula alichokula, na umbo lake hubadilika kila anapojikunja. Akiwekwa ndani ya spiriti bila uangalifu hugeuka kidonge kisichotambulika. Kinachotofautisha spishi moja na nyingine kwa uhakika kimefichika ndani, nacho ni mpangilio wa viungo vya uzazi. Karibu kila mnyoo bapa ana viungo vya kiume na vya kike katika mwili mmoja, na mifereji, vifuko na misuli yake hupangika kwa namna ya pekee katika kila spishi.

Ili kuviona, mtafiti huanza kwa kumtega mnyoo, mara nyingi kwa kipande cha nyama kinachowekwa majini. Humuua akiwa amenyooka, humkausha maji hatua kwa hatua, humzamisha katika nta iliyoyeyuka na kuiacha igande. Kisha mashine maalumu humkata vipande vyembamba vyenye unene wa sehemu chache tu za elfu za milimita. Vipande hivyo hupangwa kwenye vioo kwa mfuatano bila kupoteza hata kimoja, hutiwa rangi, na kutazamwa kwa hadubini kimoja baada ya kingine, mpaka mtafiti aweze kuchora kwa ubavu picha nzima ya kile ambacho hakuwahi kukiona kikiwa kizima. Hyman alifanya hivyo kwa mikono yake mwenyewe.

Kulikuwa na kikwazo kingine. Planaria wengi huzaana kwa kujikata wenyewe: mkia hushika jiwe, kichwa huvuta mbele, mwili hukatika. Kundi zima kijitoni linaweza kuishi hivyo bila kuwa na viungo vya uzazi hata kidogo. Mtu anaweza kuwa na ndoo iliyojaa minyoo na asiwe na mmoja anayeweza kupewa jina kwa uhakika. Planaria dorotocephala, mmoja wa wanyama wakuu wa maabara ya Child, alipewa jina hilo na Woodworth mwaka 1897. Ni mwaka 1925 tu ambapo Hyman alichapisha maelezo ya mfumo wake wa uzazi.

Mwaka 1931 alitoa sehemu kadhaa za mfululizo wake kwa mpigo. Katika mojawapo alichukua marekebisho yaliyokuwa yamefanywa karibuni na wataalamu wa Ulaya, akayatumia kwa wanyama wa Marekani, na kuweka ufunguo wa kuwatambua. Kwa mara nyingine mtu aliyeokota mnyoo kijitoni angeweza kufuata hatua kwa hatua mpaka jina, kama binti wa Fort Dodge alivyofanya na maua.

Jina linavyohama

Majina ya wanyama yana sheria zake. Hesabu inaanzia mwaka 1758, kwa toleo la kumi la kitabu cha Linnaeus wa Sweden, na kanuni za kimataifa zilichapishwa mwaka 1905. Jina lililotangulia kuchapishwa hushinda, isipokuwa kama tayari lilikuwa limepewa mnyama mwingine au lina kasoro nyingine ya kikanuni. Sheria hiyo inaonekana rahisi, lakini inamlazimu mtaalamu kusoma kila kilichoandikwa, popote na kwa lugha yoyote. Katika minyoo bapa kilichoandikwa kilikuwa kingi. Otto Friedrich Müller wa Denmark aliunda jina Planaria mwaka 1776. Mwaka 1831 Ehrenberg wa Ujerumani aliwaita minyoo bapa wanaoishi huru Turbellaria, kwa sababu vinywele vidogo mno vilivyofunika ngozi yao huyafanya maji yaliyowazunguka yavurugike. Ludwig von Graff wa Austria alitoa kitabu kikubwa mno kuhusu planaria wa nchi kavu mwaka 1899.

Hata pwani ya Afrika Mashariki imo katika rundo hilo la karatasi. Mwaka 1901 na 1902 Cyril Crossland alikusanya wanyama wa bahari Zanzibar na pwani ya bara iliyo mkabala, na minyoo bapa wake walipelekwa Uingereza, ambako Laidlaw alichapisha maelezo yao mwaka 1903. Maandishi ya namna hiyo yalitawanyika katika majarida ya vyama vya kisayansi vya miji mingi, na aliyetaka kujua kama mnyoo wake ana jina alipaswa kuyafikia yote.

Mfano wa jinsi jina linavyoweza kumchanganya msomaji ni planaria wa madoadoa wa Marekani. Joseph Leidy alimwita Planaria maculata katika miaka ya 1840. Charles Girard alimwita Planaria tigrina mwaka 1850. Mwaka 1898 Thomas Hunt Morgan, ambaye baadaye alipata Tuzo ya Nobel kwa utafiti wa urithi, alifanya majaribio yake maarufu ya kumkatakata mnyoo huyo vipande vidogo sana na kuona vikiota upya, na akatumia jina maculata. Baadaye jina hilo liliachwa, likabaki tigrina, na jenasi ikawa Dugesia. Hivyo ndivyo alivyojulikana katika vitabu vya Hyman na katika madarasa ya vizazi kadhaa. Leo ni Girardia tigrina. Majina yote hayo ni ya mnyama mmoja, na anayesoma jaribio la Morgan bila kujua njia hiyo atadhani linahusu kiumbe aliyetoweka.

New York

Mama yake alifariki mwaka 1929. Mwaka 1931, akiwa na umri wa miaka 42, Hyman aliona kwamba mapato ya miongozo yake yanatosha kumweka mtu mmoja anayeishi kwa kujibana. Aliacha kazi Chicago, akazunguka Ulaya kwa zaidi ya mwaka, kisha akapanga nyumba New York karibu na Jumba la Makumbusho la Historia ya Asili la Marekani. Alichokifuata pale kilikuwa maktaba.

Alikuwa ameamua kuandika kitabu ambacho hakikuwapo kwa Kiingereza, maelezo kamili ya wanyama wote wasio na uti wa mgongo, kuanzia viumbe wa seli moja. Vitabu bora vya namna hiyo vilikuwa vya Kijerumani, na vingi viliandikwa na makundi ya wataalamu, kila mmoja akishika sehemu yake. Yeye alikuwa peke yake. Hakuwa na katibu wala msaidizi. Alisoma makala katika lugha kadhaa za Ulaya, akapiga mashine maandishi yake mwenyewe, na kuchora picha mwenyewe. Mwaka 1937 makumbusho yalimpa cheo cha heshima na chumba cha kufanyia kazi, bila mshahara. Ni ajabu kidogo kwamba taasisi iliyokuja kujivunia jina lake haikuwahi kumlipa kama mtafiti wake, lakini hakuna dalili kwamba jambo hilo lilimchelewesha.

Juzuu ya kwanza ilitoka mwaka 1940. Ya pili, iliyotoka mwaka 1951, ina kurasa zaidi ya 500 na sehemu yake kubwa ni ya minyoo bapa: planaria, minyoo wa bahari, minyoo wa kichocho na jamaa zao, na tegu. Ya tatu ilitoka mwaka huo huo. Ya nne, ya mwaka 1955, ilihusu jamii ya viti vya pweza na majongoo bahari. Ya tano ilifuata mwaka 1959.

Katikati ya uandishi huo aliendelea kuwapa majina minyoo wapya. Mwaka 1940 alichapisha kazi kuhusu minyoo bapa wa bahari wa pwani ya Atlantiki ya Marekani na Kanada, na mwaka 1953 kuhusu wale wa pwani ya Pasifiki. Baadhi yao ni maadui wa wafugaji wa chaza, kwani hupenya ndani ya gamba na kumla chaza akiwa hai. Mwaka 1943 aligeukia wa nchi kavu. Hawa wana kisa chao. Husafiri duniani ndani ya udongo wa miche na vyungu vya maua, na wenye kichwa cha umbo la shoka huwawinda nyungunyungu. Mmoja wao maarufu, Bipalium kewense, alipewa jina mwaka 1878 kwa sababu alionekana katika bustani ya Kew mjini London, ingawa asili yake ni kusini-mashariki mwa Asia. Tangu hapo jina lake limebeba anwani isiyo ya kwao. Hyman alipokutana na jamaa yake ambaye alikuwa wazi kwamba si mwenyeji wa Marekani, hakumbandika jina la mji wala la bustani. Alimwita Bipalium adventitium, maana yake aliyekuja kutoka nje.

Mwaka 1941 alinunua nyumba katika kijiji cha Millwood, nje ya New York, akawa anasafiri kila siku kwenda makumbusho. Huko alipata bustani, jambo alilolipenda sana. Aliiuza mwaka 1952 na kurudi mjini. Waliomfahamu walimjua kama mtu asiyezunguka katika maneno. Barua zilimjia kutoka kwa watu waliotaka awatambulishie mnyoo, na makala ya mtu ikiwa dhaifu alisema hivyo bila kupaka asali.

Mti wa ukoo

Kutoa jina ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kujua mnyama anakaa wapi katika ukoo. Minyoo bapa walikuwa wakipangwa hasa kwa utumbo. Tricladida ni wenye utumbo wa matawi matatu, na planaria ni wa kundi hilo. Polycladida, wengi wao wakiwa wale wenye rangi za kupendeza wa kwenye matumbawe, wana matawi mengi. Acoela, wadogo mno, hawana utumbo wenye uwazi; chakula huingia moja kwa moja kwenye tishu za ndani.

Kwa Hyman hao Acoela walikuwa muhimu kupita ukubwa wao. Aliamini kwamba wanyama wote wenye kichwa, mkia, kulia na kushoto walitokana na kiumbe sahili anayefanana nao. Jovan Hadži, mtaalamu wa Yugoslavia, alipinga. Yeye alidai kwamba minyoo hao walitokana na viumbe wa seli moja, na kwamba jamii ya yavuyavu na matumbawe ilitokana na minyoo bapa. Hyman aliishambulia nadharia hiyo kwa nguvu katika maandishi yake, na wengi walimfuata.

Wakati umeamua kwa namna ambayo hakuna kati yao aliyeitarajia. Mwaka 1999 watafiti wa Barcelona na wenzao walilinganisha vinasaba na kuonyesha kwamba Acoela si minyoo bapa kabisa. Ni tawi lao wenyewe, lililojitenga mapema sana. Kwa hiyo Hyman alikosea kuwaweka ndani ya minyoo bapa, lakini hisia yake kwamba wanasimama karibu na mwanzo wa njia haikuwa ya bure. Hata Turbellaria, jina la Ehrenberg lililobeba nusu ya kazi yake, halihesabiwi tena kuwa kundi kamili la ukoo, kwa sababu tegu na minyoo wa kichocho wametokana na humo humo na hawawezi kutengwa na ndugu zao. Wataalamu bado hulitumia kwa urahisi wa mazungumzo.

Heshima zilikuja kwa kuchelewa, kisha zikaja nyingi. Mwaka 1941 Chuo Kikuu cha Chicago kilimtunuku shahada ya heshima, na mwaka huo huo jenasi moja ya planaria wa Marekani ilipewa jina Hymanella kwa ajili yake. Mwaka 1954 alichaguliwa kuwa mwanachama wa Chuo cha Taifa cha Sayansi cha Marekani, wakati ambapo wanawake humo walihesabika kwa urahisi. Mwaka 1960 alipokea nishani ya dhahabu ya Chama cha Linnaeus cha London. Kati ya 1959 na 1963 alihariri jarida kuu la Marekani la uainishaji wa wanyama.

Miaka hiyo ya mwisho ilikuwa ya maumivu. Ugonjwa wa Parkinson ulimshika, na mikono iliyokuwa ikichora mifereji isiyoonekana kwa macho ikaanza kutetemeka. Aliendelea kwenda makumbusho, baadaye akiwa kwenye kiti cha magurudumu. Juzuu ya sita ilitoka mwaka 1967, ikihusu konokono na baadhi ya jamaa zao. Chaza, ngisi na pweza walibaki bila kuandikwa, na kadhalika nyungunyungu, wadudu na kaa. Alijua kwamba hatawafikia, na aliwaeleza wasomaji wake hivyo katika juzuu hiyo hiyo.

Mwezi Aprili mwaka 1969 makumbusho yalimpa nishani yao ya dhahabu. Alifariki tarehe 3 Agosti mwaka huo, akiwa na umri wa miaka 80.

Kwa desturi ya fani hiyo, jina la spishi huandikwa likifuatiwa na jina la aliyeieleza na mwaka, na spishi ikihamishiwa jenasi nyingine, jina la mwandishi huwekwa ndani ya mabano. Spishi kadhaa za Hyman zimehamishwa, na jina lake sasa liko ndani ya mabano. Yule mgeni wa kichwa cha shoka bado yuko mahali pale pale alipomweka, bila mabano: Bipalium adventitium Hyman, 1943.